Rangi ya Sebeya na somo la Kilembe: mfanyabiashara ajue nini kuhusu maji yenye asidi

NYUNDO, RUBAVU

Mvua ikinyesha usiku katika milima ya Gishwati, anayevuka daraja la Sebeya asubuhi yake pale Nyundo hahitaji kuambiwa. Mto huwa umeshageuka rangi. Maji yanashuka mazito, ya kahawia inayokaribia wekundu, kama chai ya maziwa iliyokolea majani, yakielekea Ziwa Kivu. Barabarani, magari na baiskeli vinapita na viazi, karoti, vitunguu na kabichi kutoka soko la Mahoko na vilima vya jirani, kwenda Gisenyi mjini na kisha Petite Barrière, ambako mama mwenye beseni kichwani huvuka hadi Goma.

Mnunuzi wa Goma anayeona tope kwenye karoti ana haki ya kuuliza limetoka wapi. Anayeuza naye ana haki ya kujua jibu, kwa sababu bidhaa ikitiliwa shaka, bei ndiyo ya kwanza kushuka. Milima inayoumwagia Sebeya maji ina machimbo ya koltani na kasiteriti, na neno "mgodi" likitajwa karibu na neno "maji", watu huwaza sumu. Je, Sebeya ina sumu ya migodi, au ina tope tu?

Jibu linahitaji kutenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Kuna uchafu unaoonekana, nao ni udongo. Na kuna uchafu usioonekana: asidi inayozaliwa ndani ya mawe fulani yakipata hewa na maji, pamoja na metali ambazo asidi hiyo huziyeyusha na kuzibeba. Huu wa pili unaweza kupita katika maji meupe yanayometameta kama ya chemchemi. Mto wenye tope unajitangaza wenyewe. Mto wenye asidi unaweza kumdanganya mtu mpaka mwisho.

Tope la Sebeya

Sebeya ni mto wa takriban kilomita 48. Unaanzia kwenye milima mirefu ya Mkoa wa Magharibi na kukusanya maji ya wilaya nne, yaani Rutsiro, Ngororero, Nyabihu na Rubavu, kabla ya kuingia Ziwa Kivu katika eneo la Nyamyumba. Njiani unafanya kazi nyingi. Unazungusha mitambo ya umeme ya Keya, Gihira na Gisenyi. Kituo cha Gihira huchota maji yake na kuyasafisha kwa ajili ya wakazi wa mji. Tope likizidi, usafishaji huwa mgumu na wa gharama, na mara kadhaa kituo kimelazimika kupunguza au kusimamisha kazi mpaka mto utulie. Mfanyabiashara wa Gisenyi anayekuta bomba kavu baada ya mvua kubwa, na kulazimika kununua maji kwa jerikani, analipia tope hilo kutoka mfukoni mwake.

Tope lina vyanzo viwili vikuu. Cha kwanza ni kukatwa kwa msitu. Msitu wa Gishwati, ambao miaka ya 1970 ulikuwa bado na maelfu kwa maelfu ya hekta, ulikatwa kwa ajili ya malisho, mashamba na makazi, hasa baada ya 1994, hadi ukabaki kama hekta 600 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tangu hapo umepandwa upya sehemu, na mwaka 2015 sheria iliufanya, pamoja na Mukura, kuwa hifadhi ya taifa. Chanzo cha pili ni uchimbaji. Koltani na kasiteriti ni mazito kuliko mchanga, kwa hiyo mchimbaji mdogo huyatenganisha kwa maji: udongo unachimbwa, unaoshwa katika mfereji, madini yanabaki chini na mengine yote yanaachwa yaende na mkondo. Kwa kila kilo ya madini, udongo mwingi sana huishia mtoni.

Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023 mto huo ulionyesha nguvu zake. Mvua kubwa iliyonyesha katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini, na sehemu ya Kusini, iliua watu zaidi ya 130 nchini. Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi, na Sebeya ulifurika Nyundo na Kanama, ukaingia majumbani, mashambani na madukani. Wapo waliopoteza mtaji wa miaka mingi kwa saa chache.

Kwa hiyo tope si jambo dogo. Lakini kikemia, tope bado ni udongo. Ili kuelewa uchafu wa aina ya pili, ni lazima kuingia ndani ya jiwe.

Jiwe linalotengeneza asidi

Mamilioni ya miaka iliyopita, tope lililotulia chini ya bahari na maziwa ya kale lilifunikwa, likagandamizwa, likawa mwamba wa tabaka nyembamba unaopasuka kama kurasa za kitabu. Huo ndio mwamba wa tope. Ukiwa mweusi, weusi wake mara nyingi umetokana na mabaki ya viumbe vilivyooza mahali pasipo na hewa. Na palipokosa hewa, salfa iliungana na chuma kuwa madini yaitwayo pairiti: punje za manjano zinazong'aa, ambazo zimewadanganya wachimbaji wengi wakadhani wameona dhahabu.

Pairiti ikiwa imefukiwa ndani ya mlima haina madhara. Tatizo huanza mwamba unapovunjwa, iwe kwa mgodi, barabara, maporomoko ya ardhi au msingi wa jengo. Hewa na maji vikiifikia, pairiti huoza kama msumari unavyoota kutu. Tofauti ni kwamba kutu hii huzaa asidi ya salfa, ileile iliyomo katika betri ya gari. Vipo pia vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyojilisha kwa kuoza huko, navyo huongeza kasi yake mara nyingi sana.

Asidi hiyo haisafiri peke yake. Inapopita katika mawe huyeyusha metali zilizomo: shaba, zinki, nikeli, kobalti, kadimiamu, aluminiamu na mara nyingine aseniki. Chuma kilichoyeyuka, kikikutana na maji safi zaidi, hutoka na kuganda juu ya mawe ya mto kama utando wa rangi ya chungwa. Aluminiamu huacha utando mweupe kama chokaa iliyomwagika. Hizo ni alama mbili ambazo mtu yeyote anaweza kuziona bila kifaa.

Ukali wa asidi hupimwa kwa kipimo cha pH. Saba ni maji ya kawaida, siki huwa karibu na 3, na maji ya betri huwa chini ya 1. Kila hatua moja kushuka ni ukali ulioongezeka mara kumi. Samaki wengi hushindwa kuishi maji yakishuka chini ya 5.

Hata kwenye baridi kali

Nchi za baridi ndizo zilizojifunza somo hili kwa gharama kubwa, na uzoefu wao una faida kwa Afrika Mashariki. Huko Halifax, katika mkoa wa Nova Scotia nchini Kanada, uwanja wa ndege uliofunguliwa mwaka 1960 ulijengwa juu ya mwamba wa tope uliokomaa na kuwa jiwe gumu, lenye pairiti. Mwamba ulipovunjwa, asidi ikatiririka kwenye vijito na kuua samaki. Maji yalipaswa kutibiwa kwa miaka mingi baada ya ujenzi kwisha. Mwaka 1995 mkoa huo ulitunga kanuni maalumu za namna ya kutupa mawe ya aina hiyo.

Kaskazini zaidi, Alaska, ardhi iliyoganda kwa barafu tangu zama za kale imeanza kuyeyuka. Utafiti uliochapishwa Mei 2024 ulihesabu mito na vijito 75 katika milima ya Brooks vilivyogeuka rangi ya chungwa, na baadhi ya sampuli za maji zilionyesha pH ya 2.3. Hakuna mgodi pale. Barafu iliyokuwa kama kifuniko imeondoka, hewa na maji yakayafikia mawe.

Nchini Peru, katika milima ya Cordillera Blanca, barafu za mlimani zinarudi nyuma na kuacha wazi miamba ya tope yenye pairiti. Mto uitwao Río Negro, karibu na mji wa Huaraz, umekuwa na asidi na metali kiasi kwamba wakulima wa Olleros hawakuweza kuutegemea kama zamani. Wanakijiji, wakisaidiana na wataalamu, walitengeneza madimbwi na vinamasi vya mimea ya asili ili maji yapungue makali kabla ya kufika mashambani.

Baridi hupunguza kasi ya kemia hii, haiizuii. Vijidudu hufanya kazi polepole, lakini barafu ikiganda na kuyeyuka hupasua mawe na kufungua sehemu mpya. Kwetu joto lipo mwaka mzima na mvua ni nyingi. Hakuna baridi ya kuichelewesha pairiti iliyoachwa wazi, na mvua za masika huosha kwa siku moja asidi iliyojikusanya kiangazi kizima.

Kilembe: somo la jirani

Mfano ulio karibu uko Uganda, na wafanyabiashara wanaopita Kasese kwenda Mpondwe na Kasindi wameupita mara nyingi. Kilembe ni bonde lililo chini ya milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita, chenye meta 5,109, bado kina mabaki ya barafu. Mto Nyamwamba unashuka kutoka milima hiyo, unapita katikati ya Kilembe na mji wa Kasese, kisha unaelekea Ziwa George.

Mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza uzalishaji mwaka 1956, mwaka uleule reli ilipofika Kasese. Mawe yalisagwa na kuchujwa bondeni, na shaba ikayeyushwa Jinja. Kazi ilidorora miaka ya 1970 na kusimama kufikia 1982. Makapi ya mgodi yalibaki kama vilima kando ya Nyamwamba. Pairiti yenye kobalti, takriban tani milioni moja, ilirundikwa wazi karibu na mji wa Kasese ikisubiri siku ambayo kobalti yake ingepata mnunuzi.

Mvua haikusubiri. Maji yaliyopita katika rundo hilo yalitoka yakiwa asidi na kushuka kuelekea Hifadhi ya Malkia Elizabeth na Ziwa George, yakiacha nyuma ukanda wa ardhi ambao majani hayakuota. Tembo na nyati walikuwa na malisho pande zote mbili, na katikati palikuwa na udongo uliokufa.

Mwaka 1999 kiwanda cha kobalti cha Kasese kilianza kulisafisha rundo hilo kwa njia ya kushangaza. Pairiti ilitiwa katika matangi makubwa pamoja na vijidudu vilevile vinavyotengeneza asidi porini, vikaachiwa viile, na kobalti iliyotoka ikauzwa nje. Kilichokuwa kikimwagika bure na kuua majani kiligeuzwa bidhaa. Rundo lilipokwisha, katika muongo uliofuata 2010, kazi hiyo nayo ikafikia mwisho.

Lakini makapi ya bondeni Kilembe yalibaki. Mwezi Mei 2013, tena 2014, kisha Mei 2020, Nyamwamba ulifurika, ukabeba nyumba, ukaharibu hospitali ya Kilembe na kumega vilima vya makapi ukivipeleka mashambani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na wanasayansi, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulikuta viwango vya juu vya kobalti, shaba na metali nyingine katika udongo wa bonde hilo na katika baadhi ya mboga na maji wanayotumia wakazi.

Miaka zaidi ya 40 imepita tangu mgodi ufungwe. Waliopata faida ya shaba ni kizazi kimoja, na mama anayeuza mboga Kasese leo, ambaye labda hakuwa amezaliwa, ndiye anayeulizwa na mteja mboga zake zimetoka bonde gani.

Nyundo iko wapi katika habari hii?

Habari njema ni kwamba mawe si ya aina moja. Koltani na kasiteriti za upande wa Sebeya hutoka zaidi katika pegmatiti, mwamba mweupe wenye punje kubwa, uliozaliwa kutokana na graniti karibu miaka bilioni moja iliyopita. Pegmatiti kwa kawaida ina pairiti kidogo sana. Anayeiosha huchafua mto kwa udongo wake zaidi kuliko kwa asidi. Aidha, upande wa kaskazini wa Rubavu umefunikwa na mawe meusi ya volkano ya Virunga, ambayo huwa na uwezo kiasi wa kupunguza makali ya asidi. Na Ziwa Kivu lenyewe lina maji ya magadi, pH yake juu ikiwa karibu na 9.

Jiwe la kuangaliwa zaidi nchini Rwanda ni lile la wolframu. Migodi ya Gifurwe, katika nyanda za baridi za Burera, na Nyakabingo, wilayani Rulindo, ina mishipa ya wolframu iliyopenya katika mwamba wa tope mweusi, na mahali pa namna hiyo pairiti ni mgeni wa kawaida. Maji ya huko hayaji Sebeya. Huenda upande wa Nile, kwa kuwa mgongo wa milima unaotenganisha mito ya Nile na ya Kongo unapita kati. Sebeya uko upande wa Kongo: maji yake huingia Kivu, hutoka kwa mto Ruzizi, hufika Tanganyika na mwisho mto Kongo.

Hata hivyo, mtu asilale usingizi. Milima ya kale ya Rwanda, Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini imechanganyika: pegmatiti hapa, mwamba wa tope pale, na mishipa yenye salfa katikati yake. Shimo moja jipya au mlima mmoja uliokatwa kwa ajili ya barabara unaweza kufungua jiwe ambalo shimo la jirani halikuligusa. Udongo laini nao una tabia ya kushika metali na kusafiri nazo, hivyo tope likiwa jingi si sababu ya kufikiri kwamba metali hazipo. Njia pekee ya kujua ni kupima, tena kupima mara kwa mara, kiangazi na masika.

Mambo ya kumfaa mfanyabiashara

La kwanza ni kutoamini macho peke yake. Kijito cheupe kinachotoka kwenye shimo la zamani, kisicho na chura, wadudu wala majani ya kijani kwenye mawe yake, ni cha kuogopwa kuliko Sebeya wenye tope. Utando wa chungwa ni dalili, ingawa si hukumu: katika vinamasi vipo vijidudu vya chuma visivyo na madhara vinavyotoa rangi kama hiyo, pamoja na ngozi inayong'aa rangi nyingi juu ya maji. Ngozi hiyo ukiigusa kwa kijiti ikavunjika vipande kama kioo, ni ya vijidudu. Ikirudi kuungana, ni mafuta ya gari. Rangi ya chungwa karibu na mawe yaliyovunjwa au makapi ya mgodi ndiyo ya kuripotiwa.

La pili, kuchemsha maji huua vijidudu vya magonjwa lakini hakuondoi metali. Maji yakipungua sufuriani, metali hubaki palepale na kukolea zaidi. Dawa ya klorini vilevile ni ya vijidudu, si ya aseniki wala shaba. Kwa hiyo maji ya mto yaliyochemshwa ni bora kwa kipindupindu, na hayana msaada wowote kwa uchafu wa mawe.

La tatu ni kuosha bidhaa. Anayeosha karoti katika mkondo wenye tope ili zipendeze huenda anazipaka uchafu kuliko anavyoziondolea. Ni afadhali zisafiri na udongo wa shambani mwake, mkavu, unaopukutika, kisha zioshwe kwa maji ya bomba karibu na soko. Mkulima aliyefurikiwa na mto unaotoka migodini naye afikirie kuosha majani ya mboga vizuri zaidi kabla ya kuyauza, na kama shamba lilifunikwa na mchanga wa mgodi, udongo upimwe kwanza.

La nne ni karatasi za kupimia pH. Ni vipande vinavyobadilika rangi, havihitaji umeme wala fundi, na ushirika wa wachuuzi unaweza kuchangia kuvinunua. Kiwango cha pamoja cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa, EAS 12, kinataka maji yaliyotibiwa yawe na pH kati ya 6.5 na 8.5. Karatasi hiyo haitasema kama kuna aseniki, ambayo kikomo chake kwa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.01 tu kwa lita. Lakini ikionyesha 4, tayari kuna swali la kupelekwa maabara.

Kwa upande wa Goma kuna jambo moja la kuongeza. Wakazi wengi huvuna maji ya mvua, na mvua hiyo hupita katika moshi wa Nyiragongo. Gesi za volkano huifanya mvua kuwa na asidi na kuitia floraidi, hasa vijiji vya magharibi ya mlima ambako upepo husukuma moshi. Floraidi ikizidi miligramu 1.5 kwa lita kwa miaka mingi, hudhuru meno na mifupa. Asidi hiyo haitoki migodini, na kumlaumu muuza mboga wa Rubavu kwa meno ya Goma ni kumwonea. Ndiyo maana kupima ni bora kuliko kunong'ona.

Nani abebe mzigo

Kuzuia asidi ni nafuu kuliko kuitibu, na kanuni yake ni rahisi: jiwe lenye pairiti linyimwe hewa au linyimwe maji. Makapi hufunikwa kwa udongo wa mfinyanzi na kupandwa majani, au huzamishwa chini ya maji yaliyotulia yasipate hewa. Mifereji huchimbwa juu ya shimo ili mvua ipite pembeni. Maji yaliyokwisha kuharibika hupitishwa katika chokaa. Mkulima wa nyanda za juu za Rwanda anaielewa dawa hii bila mwalimu, kwa sababu udongo wake una asidi ya asili, ile inayoipendeza chai ya Pfunda na kuyadumaza maharagwe, na yeye huutibu kwa ishwagara. Chokaa ileile inayookoa maharagwe huokoa mto.

Kwa tope, dawa ni madimbwi ya kutulizia maji kabla hayajaachwa mtoni, matuta na mianzi kando ya mto. Kazi ya aina hiyo imefanyika katika bonde la Sebeya kwa miaka kadhaa chini ya mpango wa usimamizi wa maji uliofadhiliwa na Uholanzi. Sheria ya madini na ya mazingira, zote za Agosti 2018, ziliwawekea wenye leseni wajibu wa kulinda mazingira na kurejesha ardhi waliyoichimba, na zipo taasisi za kusimamia: Bodi ya Madini, mamlaka ya mazingira REMA na Bodi ya Rasilimali za Maji. Shida kubwa zaidi huwa kwa mashimo yasiyo na leseni na yale ya zamani ambayo mwenyewe hajulikani. Kilembe inafundisha kwamba shimo likikosa mwenyewe, deni lake hurithiwa na walio chini ya mto.

Na mto haujali jeton wala pasi. Tangu mwaka 2022 Kongo, Rwanda na Uganda ziko katika jumuiya moja, na Bonde la Kivu na Ruzizi lina mamlaka yake ya pamoja, ABAKIR. Bidhaa ikivuka Petite Barrière huulizwa karatasi na wakaguzi. Matokeo ya vipimo vya maji nayo yangefaa yavuke kwa urahisi huohuo: yabandikwe sokoni Mahoko, mpakani na soko la Virunga, kwa Kiswahili ambacho muuzaji na mnunuzi wanakielewa, yakisema mto gani ulipimwa, siku gani, na ulikutwa na nini.

Mpaka siku hiyo ifike, muuza karoti wa Nyundo anaweza kumjibu mteja wake wa Goma kwa ukweli huu: rangi ya Sebeya ni udongo wa milima inayomomonyoka, na mawe yanayochimbwa zaidi juu yake si yale yanayojulikana kwa kutengeneza asidi. Karoti zake hazikuoshwa mtoni. Na kama mteja anataka uhakika zaidi, wote wawili wana haki ya kuuliza vipimo viko wapi.